Wimbo wa kwanza wa albamu ya Trace: mbona unanishika hivi?

trela_usiku
Wakuu, habari za usiku. Mimi Mkenya, naendesha trela huku Marekani, mara nyingi St. Louis kushuka New Orleans. Kantri nimekua nayo, Jim Reeves na Don Williams kila Jumapili nyumbani. Hii kantri mbadala, ile iliyochanganywa na roki, nimeijulia ukubwani.

Sasa kuna albamu ya kundi la Son Volt, Trace, ya 1995. Kila nikiiweka nakwama kwenye wimbo wa kwanza, Windfall. Ukiisha naurudisha. Gitaa kavu, fidla, lile gitaa la kulazwa linalolia kwa mbali, na Jay Farrar anaimba kama mtu aliyechoka ila hana haraka ya kulala. Yuko kwenye usukani usiku, anamwombea mwenzake upepo umchukulie shida zake. Basi.

Swali langu: mbona huu ndio wa kufungulia? Humo humo kuna Drown, wenye gitaa za umeme za kumwamsha yeyote. Wengine wangeanza nao.

fidla_na_chai
Kaka, angalia alikotoka. Farrar na Jeff Tweedy walikuwa kundi moja, Uncle Tupelo, vijana wa Belleville, Illinois. Albamu yao ya kwanza, ya 1990, inafunguliwa na Graveyard Shift, kelele tupu. 1994 kundi likavunjika, na hawakuachana vizuri. Tweedy akaunda kundi la Wilco, akatoa albamu Machi 1995; Farrar akaunda Son Volt, akafuata na hii Trace Septemba. Mtu angetegemea vijembe. Yeye akafungua kwa dua.

Mbishi_Asili
Dua kwa nani? Hajataja mtu humo! Wimbo wa barabarani mnaugeuza barua kwa Tweedy. Halafu kwa kufungua albamu, Right in Time ya Lucinda Williams, 1998, iko juu. Na kwenye Trace yenyewe, Tear Stained Eye ndio wimbo.

masafa_ya_kati
Ugomvi wenu siuingii. Mimi napenda pale anapohamisha redio kwenye AM, masafa ya kati, kutafuta sauti ya kweli zaidi, akainasa stesheni ya Louisiana inayokesha. Hajatia chumvi. Mchana tabaka la chini la anga ya juu huyameza mawimbi ya AM. Usiku tabaka hilo hufifia, mawimbi yanapanda hadi lililo juu yake na kurudi ardhini mbali sana. Stesheni ya WWL ya New Orleans, AM 870, ina kilowati 50, usiku inasikika majimbo mengi. Farrar siku zile alikuwa akiishi New Orleans, na albamu walirekodia Northfield, Minnesota. Mkuu wa trela, nusu ya njia kati ya miji hiyo miwili ni yako.

trela_usiku
Aisee, sasa naelewa kwa nini unanikaa. Mbishi, Tear Stained Eye nakubali ni mtamu, na huo mji wa Ste. Genevieve anaoutaja naupita kila safari. Lakini humo mtu keshalia. Kwenye Windfall hajalia bado, ndiyo kwanza anang'oa gari. Huwezi kuanzia kwenye machozi.

Masafa, hiyo 870 nikiwa Missouri inaanza kushika saa ngapi?

masafa_ya_kati
Jua likishazama vizuri. Na chomoa chaja ya simu, inatia mikwaruzo.

Mbishi_Asili
Lucinda bado yuko juu.