Mwanangu akila kamba anatoka vipele, nimpe dawa gani kabla ya harusi?

BabaSalma: Assalaam aleikum. Kijana wangu wa miaka 9 akila kamba hutoka vipele. Jumamosi tunavuka kwenda kisiwa cha Pate, harusi ya mjomba wake, na wali wa kamba hautakosa. Piritoni nimpe kabla ya kula au baada? Nijibuni, silali.

Bi Mkeka: Waaleikum salaam. Sisi tumekulia pweza na ngisi, hakuna aliyejikuna. Watoto wa sasa mnawalea kwa chipsi. Mpake mafuta ya nazi.

Nahodha: Mimi nyuki walinivaa tukikata boriti mikokoni, uso ukawa boga. Harusi ya nani hiyo, tuje?

Nesi Mstaafu: Baba Salma, ni vipele tu? Alitapika? Sauti je?

BabaSalma: Alitapika kidogo. Watoto hutapika.

Nesi Mstaafu: Na pumzi?

BabaSalma: Mara ya mwisho midomo ilivimba, kifua kikalia filimbi, akalegea. Zahanati walimdunga pajani akazinduka. Lakini siku ile alikula kamba wengi. Mama yake ataka tumpe kidogo kidogo azoee, na mashua nishakodi.

Nesi Mstaafu: Baba, hiyo ni aleji ya kuua. Piritoni hutuliza mwasho, koo haifungui. Dawa ni sindano ya adrenalini, msulini, paja upande wa nje, mara tu dalili zianzapo. Asipopata nafuu hurudiwa baada ya dakika 5 hivi. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida aketi, ila asisimame wala kutembea. Akizinduka bado apelekwe hospitali, maana hali huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kumzoesha nyumbani, nakuomba, msijaribu.

Msema Kweli: Vipele vimegeuka kuzimia? Na Baba Salma kijana kamtoa wapi? Uzi wa kutunga huu.

Bi Mkeka: Kwani Salma hawezi kuwa na kaka?

BabaSalma: Salma ni dadake. Nitunge nipate nini? Asipokuja harusini ndugu watanena.

Nahodha: Aje, ale kuku.

Nesi Mstaafu: Kuku asiyekaangwa kwenye mafuta ya kamba, wala kupakuliwa kwa upawa wa kamba. Na kabla ya kupanda mashua, mpeleke hospitali ya King Fahd hapo Amu (Lamu). Daktari akupangie dozi kwa uzito wake, uulizie adrenalini ya kubeba na ufundishwe kudunga.

BabaSalma: Kaa je? Sambusa?

Nesi Mstaafu: Kaa na kamba mawe aache kabisa. Sambusa, muulize aliyepika.

BabaSalma: Kesho asubuhi tutakwenda hospitali. Safari ya mashua sijaivunja.