Watu sita, karavani moja, Darwin hadi Broome: inawezekana?

MwanaRaskazone
Assalaam aleikum wakuu. Tuko marafiki sita wa Tanga na Muheza, tunapanga kwenda kaskazini mwa Australia mwakani mwezi wa saba. Wazo ni kukodi gari moja la viti saba na karavani ya vitanda vinne pale Darwin (wawili walale kwenye hema), tupite hifadhi ya Kakadu, Katherine, Kununurra, tumalizie Broome. Siku 16. Wote tuna leseni na wawili wamewahi kuvuta tela la mizigo. Je, mpango umekaa sawa? Na je, karavani hiyo tunaweza kuingia nayo Gibb River Road?

FundiTela_Chumbageni
Waalaikum salaam mkuu. Watu sita, gari moja na karavani ya ukubwa huo haviendi pamoja. Viti si tatizo, tatizo ni kilo.

Kila karavani ina kibati chenye uzito wake ikiwa tupu na uzito wa mwisho ikiwa imepakiwa. Chukua mfano wa kilo 2,050 tupu na 2,500 mwisho. Mmebakiwa na kilo 450. Matangi mawili ya maji ya lita 95 yakijaa ni kilo 190. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, ukihesabu na chuma chake, ni kama kilo 36. Mabegi sita ya kilo 23 ni 138. Jumla 364. Zinabaki kilo 86 za chakula, sufuria, viti, hema, mipira ya maji na vifaa. Kwa karavani mnapona, ila kwa shida.

Sasa njoo kwenye gari, ambako wengi hawapigi hesabu. Karavani huegemeza sehemu ya uzito wake kwenye ndoano ya gari, na kule kipimo cha kuanzia ni karibu asilimia 10. Kwa kilo 2,500 hiyo ni kilo 250, na sheria inaihesabu kama mzigo uliopakia garini. Tuseme gari linaruhusiwa kubeba kilo 650. Watu sita wa kilo 75 ni 450. Ongeza 250, ni 700. Mmeshazidisha kabla hata ya kuweka chupa ya maji, na ukiona ngao ya chuma mbele au keria juu ya paa, zitoe nazo kwenye ile 650. Tangazo la "gari linavuta kilo 3,500" ni la kweli, lakini linasema uwezo wa kuvuta, halisemi uwezo wa kubeba. Mkipata ajali na mizani ikaonyesha mmezidi, bima ina sababu ya kuwakatalia.

Na kama kuna anayefikiri wawili watakaa ndani ya karavani safarini: ni marufuku.

MwanaRaskazone
Shukrani fundi, hiyo ya kilo 250 hatukuijua kabisa. Je, tukihamishia mizigo nyuma ya karavani ili pale mbele paegemee kilo 100 tu? Gari si litapumua?

FundiTela_Chumbageni
Gari litapumua, halafu karavani itawaua. Tela lenye uzito mwingi nyuma ya ekseli na mwepesi mbele huanza kutikisa mkia kuanzia kilomita 80 au 90 kwa saa. Upepo wa lori, mteremko mdogo au usukani uliokatwa ghafla hutosha kulianzisha, na likishashika mdundo kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia hadi linalivuta gari lenyewe nje ya barabara. Kule kuna malori ya matela matatu, urefu hadi mita 53.5. Mkipishana nayo, hewa yake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta.

Upakiaji uwe hivi: vizito chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Makabati ya juu yabebe nguo na mikate. Msifunge jenereta wala spea tairi la pili kwenye bampa la nyuma. Tangi la maji lililo nyuma ya ekseli liwe tupu mnapotembea, na la mbele lijae. Tangi la nusu nalo si zuri, maji hukimbia huku na huku.

Tela likianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki ya mguu. Ndani ya gari kuna kidude cha kuendesha breki za umeme za karavani. Kibonyeze hicho peke yake, tela litajinyoosha kwa kuvutwa nyuma. Kijaribuni kila asubuhi mkiondoka: mwendo wa kilomita 10 au 20 kwa saa, bonyeza, lazima msikie karavani inawashika mgongoni. Msiposikia, msiingie barabara kuu. Kwa sheria zao tela linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki, na linalozidi kilo 2,000 liwe na breki magurudumu yote pamoja na kifaa cha kufunga breki lenyewe likichomoka. Waya wa kifaa hicho fungeni kwenye gari, msiufunge kwenye minyororo. Minyororo yenyewe ipishaneni chini ya shingo kama X, ili tela likichomoka shingo iangukie juu yake.

Nati za matairi zikazeni tena baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila siku mguseni haabu (kitovu cha gurudumu) kwa kiganja mkisimama. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ni beringi au breki inayokwama. Taa za karavani zikififia au indiketa ikiwasha taa za breki, angalieni waya wa ethi kwenye plagi kabla ya kununua balbu.

BintiPangani
Fundi kamaliza upande wa chuma, mimi niseme njia.

MwanaRaskazone, Gibb River Road ni kama kilomita 660 za changarawe, mawimbimawimbi na mito ya kuvuka bila daraja. Karavani ya kawaida ya kukodi mkataba hauiruhusu huko, na hata bila mkataba makabati yangefika yakiwa mbao. Pitieni lami: Darwin hadi Broome kupitia Katherine, Kununurra, Halls Creek na Fitzroy Crossing ni karibu kilomita 1,870. Mkizungukia Kakadu inakuwa kama 2,100, na barabara ya Kakadu nayo ni lami hadi inapotokea Pine Creek. Siku 16 zinatosha bila kukimbizana.

Kwa watu sita ningechukua magari mawili. La kwanza livute karavani ndogo ya kilo 1,800 hivi na watu watatu. La pili liwe 4x4 yenye mahema ya juu ya paa, nalo lichukue watatu. Faida si uzito tu. Maeneo mazuri kule hayafikiki na karavani: maporomoko ya Jim Jim ndani ya Kakadu, na Purnululu yenye vilima vya mistari, ambako kutoka barabara kuu ni kilomita 53 za njia mbaya. Karavani inabaki kwenye kambi pale njia panda, watu sita wanaingia na 4x4 yenye viti vya kutosha, wanarudi jioni au kesho yake. Mkiwa na gari moja mtakuwa mnafungua na kufunga tela kila siku.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri. Kusi likivuma huku kwetu, kule ni kiangazi: mchana karibu nyuzi 30, na usiku Katherine na Halls Creek kunapoa kiasi cha kutaka blanketi, msidanganyike na neno "tropiki". Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hufunga barabara. Januari 2023 mafuriko yalivunja daraja la Fitzroy Crossing na jipya likafunguliwa Desemba mwaka huohuo. Upepo wenyewe hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwenye vipande vya kuelekea magharibi anayekwenda Broome anao mgongoni na anayekuja Darwin anao usoni. Kwenye mafuta tofauti hiyo inaonekana.

Ubaya wa mwezi wa saba ni kwamba Waaustralia nao wako njiani. Nafasi zenye umeme kwenye kambi hujaa, hasa Broome na Kununurra. Wekeni mapema.

Mzee_wa_Hale
Magari mawili ni mafuta mara mbili, binti yangu. Kwa nini wasichukue motorhome moja (gari lenye nyumba ndani yake) ya vitanda sita?

BintiPangani
Shikamoo mzee. Si mara mbili. Gari linalovuta kilo 2,500 hunywa lita 18 hadi 22 kwa kilomita 100, la karavani ndogo hunywa pungufu ya hapo, na 4x4 isiyovuta kitu hunywa nusu ya hayo. Gharama inapanda, nakubali. Motorhome ya watu sita ni chaguo zuri kama wameamua hawatatoka kwenye lami kabisa, na ina faida moja kubwa: ni rahisi zaidi kuiacha Broome. Kampuni nyingi za karavani zinataka tela lirudi lilikotoka, na zile zinazokubali hutoza ada ya njia moja. Waulize hilo kabla ya kukata tiketi ya ndege. Lakini motorhome ukitaka kwenda dukani unabeba nyumba nzima.

Kuhusu mafuta, Kununurra hadi Halls Creek ni kama kilomita 360, karibu sawa na Tanga hadi Dar kwa kupitia Chalinze, ila hakuna Muheza wala Segera katikati. Kuna vituo vichache tu, kama kijiji cha Warmun. Halls Creek hadi Fitzroy Crossing ni 290. Jazeni kila kituo, hata tangi likiwa nusu.

Usiku msiendeshe. Ng'ombe hawana uzio, kangaruu hutoka gizani, na mikataba mingi ya kukodi inakataza kutembea nje ya miji jua likizama. Mkivuka mpaka wa kuingia Australia Magharibi saa inarudi nyuma saa moja na nusu, na Kununurra mwezi wa saba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Lengeni kufika kambini saa tisa.

Kaskazi_na_Kusi
Naongeza mambo ya maji na chakula, maana watu wa pwani tukiona maji tunavua viatu.

Kule msivue. Mamba wa Pangani na Wami tunawajua ni wa mtoni. Huyu wa kwao anaogelea baharini pia, anaweza kuzidi mita 5, na hukaa hata kwenye dimbwi lisiloonekana kuwa na kitu. Kaeni angalau mita 5 kutoka ukingoni, hema liwe mita 50, na msiparue samaki wala kuosha vyombo mahali pamoja siku mbili mfululizo, kwa sababu mamba hukariri ratiba. Cahills Crossing ndani ya Kakadu mtawaona wakisubiri samaki maji yakipanda. Mtazame kutoka jukwaani. Kuoga kupo: Florence Falls na Buley Rockhole huko hifadhi ya Litchfield. Kibao kikisema pamefungwa, pamefungwa.

Konyeza wa sanduku (box jellyfish) ni hatari zaidi Oktoba hadi Mei, lakini karibu na Darwin miezi mingine nayo si ya kuiamini. Wekeni siki lita mbili garini. Akimchoma mtu, mwagieni siki angalau sekunde 30 bila kusugua, pigeni 000, namba yao ya dharura.

Broome bamvua ni karibu mita 10, ya Tanga haifiki hata nusu yake. Gari lililoegeshwa mchangani maji yakiwa yametoka litafuatwa lilipo. Mkiangukia mbalamwezi, nendeni ghuba ya Roebuck: mwezi ukichomoza maji yakiwa yametoka, mwanga wake hukaa kwenye matope kama ngazi.

Chakula: uwanja wa ndege tangazeni kila kitu kwenye kadi, kuanzia dagaa, papa mkavu, hadi bizari. Ukitangaza, baya zaidi ni kunyang'anywa. Ukificha unalipa faini. Kuna ukaguzi wa pili watu huusahau, pale mpakani kabla ya Kununurra: matunda, mboga mbichi, asali na mbegu haviingii Australia Magharibi. Mboga za Katherine zimalizeni Timber Creek, kabla ya mpaka, mnunue nyingine Kununurra. Nyama ya halali nunueni Darwin mgandishe. Msikiti upo, waulizeni pale.

MwanaRaskazone
Mmetusaidia sana. Basi ni magari mawili na karavani ndogo. La mwisho: friji ya karavani tuiwashe na nini, na hawa wawili wa tela la mizigo wajizoeze vipi kurudi nyuma?

FundiTela_Chumbageni
Friji ombeni ya kompresa yenye paneli ya jua. Ile ya gesi hulegea joto likipanda na haipendi karavani ikilala upande, halafu gesi lazima ifungwe mkiwa mwendoni. Kambini waya wa umeme ni wa ampea 15; soketi ya kawaida ya kwao ni ampea 10 na plagi haingii, msiichonge.

Kurudi nyuma: tafuteni uwanja wazi na tela lolote. Mkono mmoja chini ya usukani, saa sita ya chini. Unataka mkia uende kushoto, peleka mkono kushoto. Kidogo kidogo, na tela likianza kukunjika songa mbele linyooke, usipambane nalo. Tela fupi ni gumu kuliko refu, kwa hiyo wakiliweza hilo la mizigo, karavani itawatii. Mmoja asimame nyuma upande wa dereva, aonekane kwenye kioo muda wote. Asipoonekana, dereva asimame.