Naombeni ushauri: rafiki yangu kalazwa baada ya shambulio la risasi, nimsaidieje yeye na familia yake?

Wakuu salaam. Rafiki yangu wa karibu ni mmoja wa waliojeruhiwa kwenye shambulio ambalo mtu alifyatulia watu risasi ovyo, yuko wodini wiki ya pili sasa, kashafanyiwa oparesheni 2 na bado nyingine, ila kinachoniumiza zaidi ni moyo wake, mlango ukibamizwa tu anashtuka mwili mzima, usiku analia anauliza kwanini yeye kapona na aliyekaa pembeni yake hakupona. Hapo nakosa jibu kabisa, namshika tu mkono.

Nesi kaniambia nisimlazimishe kusimulia, akitaka ataongea mwenyewe, na kwamba kushtuka na kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida ila ikipita mwezi bila nafuu aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Hilo nimelishika.

Mama yake ndo ananipa mawazo jamani. Analala kwenye kiti, simu haziishi, kila ndugu anataka aelezwe upya, na waandishi nao wanamvizia mlangoni. Nawaza tumteue mtu 1 awe anajibu kwa niaba ya familia, mnaonaje?

Halafu damu, siku ya kwanza watu walifurika kuchangia, sasa hivi kimya, na chembe nyekundu zikitunzwa vizuri kwenye friji hazivuki siku 42 hivi. Nawapangaje watu wachangie kwa zamu?

Mliowahi kuuguza majeruhi wa namna hii, nini kiliwasaidia kweli, na maneno gani nisiyatamke kabisa mbele yake?