Klipu za "meli imezama" kwenye kundi la shehia: admini afanye nini?

mkaazi_wete:
Asalaam alaykum. Kundi letu la WhatsApp la shehia (mtaa ulio chini ya sheha) hapa Pemba lina watu zaidi ya 500. Kusi likikaza tu, inaletwa klipu ya sauti: meli ya Pemba imezama. Wazee wanapanda presha. Nikifunga kundi, tuandike maadmini tu, naambiwa nawaziba watu midomo. Tufanyeje?

nahodha_mstaafu:
Waalaykum salaam sheikh. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe uliosambazwa, ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi. Aliyeuleta siye aliyeona. Tokea 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa sehemu moja tu kwa mara. Lakini mtu akiihifadhi klipu kisha akaipandisha upya, mishale hufutika, kwa hiyo kukosa mishale si ushahidi.

Muulize: meli gani, imeng'oa nanga bandari gani, saa ngapi? Akishindwa, futa kwa wote. Video ikate picha mbili tatu uzipitishe Google Lens, inayotafuta mtandaoni picha hiyo ilishatoka wapi. Huenda ukaikuta ya ajali ya zamani, mfano ya meli ya Spice Islander, Septemba 2011. MarineTraffic, tovuti inayoonyesha meli zilipo kwa ishara zake, inasaidia, ila ishara ikipotea si kuzama, na mashua ndogo nyingi hazimo kabisa.

bi_mtangazaji:
Kusahihisha nako kuna ufundi wake. Usiirudishe klipu ile ile na kuandika "uongo" chini yake, maana watu watasikiliza sauti na maandishi hawatayasoma. Tanguliza ukweli: "Meli fulani imefunga gati bandari ya Mkoani saa 4:10 asubuhi. Klipu inayozunguka si ya leo." Tarehe usiisahau, la sivyo sahihisho lako litazunguka mwezi ujao kama habari mpya. Kisha rikodi maneno hayo hayo, sekunde 20, kwa sauti ya sheha au imamu anayejulikana.

Kundi lifunge saa moja au mbili, na useme utalifungua lini. Ukifunga kutwa, maneno yanahamia kwenye makundi ambayo wewe humo.

msomi_wa_chake:
Jamani, tusisingizie simu tu. Uvumi wa 1995 wa Popobawa, jini anayedaiwa kuvamia watu usiku, ulitoka Pemba ukafika Dar es Salaam bila ya WhatsApp. Mie naogopa zaidi klipu inayotaja mtu na nyumba yake: "fulani mchawi". Redio RTLM ya Rwanda, 1994, ilitaja hewani watu na walipo, wakauawa; mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ikawatia hatiani wakuu wa redio hiyo 2003. Klipu ya kumtaja mtu hivyo usiijadili kundini. Weka nakala kwa ajili ya polisi, futa, mpigie sheha.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa anayesambaza uongo kwa makusudi faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kipana mno kwa maoni yangu. Usimtishie nacho kila anayebisha.

mkaazi_wete:
Ahsanteni. Na aliyeleta klipu, nimtoe?

bi_mtangazaji:
Mara ya kwanza hapana, atafungua kundi lake. Mpigie pembeni aeleze mwenyewe kundini kuwa si kweli. Kama kaipeleka na kwenye makundi mengine, huko afute yeye: ana siku mbili na nusu tu kabla ya "futa kwa wote" kuondoka.