Majirani wa Ilazo, Dodoma: Maoni Kuhusu Majarida ya Wanyama na Presha Kuka

Mama Neema: Habari za jioni, majirani. Naomba maoni yenu kabla sijatoa fedha. Neema anasomea afya ya wanyama pale chuo cha mifugo cha LITA, Mpwapwa, na ameniomba nimlipie kwa mwaka mzima jarida moja la kigeni, ama la farasi ama la mbwa na paka, alisome kwenye simu. Wakati huohuo nimekuwa nikiitazama presha kuka ya umeme, na fedha niliyo nayo haitoshi vyote viwili kwa pamoja. Nimesoma maoni ya wateja mtandaoni hadi macho yakauma. Wapo wanaosifu na wapo wanaolalamika, ila sijamwona hata mmoja aliyeandika akiwa Dodoma.

Baba Zawadi: Poleni na majukumu, Mama Neema. Kuhusu presha kuka nitakueleza, kwa sababu sisi tunaitumia karibu kila siku. Lakini tumsubiri kwanza Mzee Mifugo azungumzie majarida, maana hilo ni eneo lake.

Bi Asha: Mimi nimewahi kusoma majarida ya paka ya Marekani ambayo wifi yangu alikuwa akiniletea. Yalikuwa mazuri sana kwa picha, na mambo ya afya yalielezwa kwa lugha nyepesi. Humo ndimo nilimojua kwamba panadoli ni sumu kali kwa paka, kwamba hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, na kwamba vitunguu havimfai paka wala mbwa. Hapa kwetu watu humwagia mbwa mchuzi uliobaki, vitunguu vyote vikiwemo, bila kujua. Kwa hiyo siwezi kusema majarida hayo hayana faida. Tatizo ni kwamba lile nililolipenda zaidi, Cat Fancy, lilisitishwa mwaka 2015, na bado naona watu wakiuza nakala zake za zamani kana kwamba ni mpya. Mama Neema, angalia tarehe ya toleo kabla ya kulipa.

Mama Neema: Asante sana, Bi Asha. Shikamoo Mzee Mifugo, kama uko karibu na simu.

Mzee Mifugo: Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi nyote. Nimesoma yote tangu mwanzo, na kwa kuwa swali lako linahusu masomo ya mtoto, nitajibu kwa urefu kidogo.

Majarida ya farasi si ya aina moja. Horse & Hound la Uingereza limekuwapo tangu mwaka 1884, na sehemu kubwa ya kurasa zake inahusu mashindano, uwindaji wa kupanda farasi na uuzaji wa farasi. Msomaji wa kule analisifu kwa haki kabisa, kwa sababu linamhudumia yeye. Equus la Marekani, lililoanza mwaka 1977, lilijikita zaidi katika afya: kwato, tumbo, meno, kilema. Kwa mwanafunzi wa afya ya wanyama, hilo la pili lina cha kumpa. Anayelipatia jarida la mashindano nyota tano na anayelipatia nyota mbili wote wanaweza kuwa wakweli, ila wewe unayenunua lazima ujue kila mmoja wao alikuwa akitafuta nini.

Mzee Mifugo: Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Neema akimaliza masomo atakutana na punda, si farasi. Tembea barabara ya kwenda Chamwino au Bahi, utawaona punda wamebeba maji, kuni na magunia ya uwele, na farasi hutamwona. Farasi hakustawi huku kwetu kwa sababu ya ndorobo na kwa sababu ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoua farasi wengi, ilhali punda wetu mara nyingi hupatwa bila hata kuonyesha dalili. Uingereza ugonjwa huo haupo, kwa hiyo jarida la huko halina sababu ya kuujadili kila toleo.

Tena punda si farasi mdogo. Kwato zake zimesimama zaidi na ni nyembamba, hivyo ukizichonga kwa pembe ya kwato za farasi unamlemaza. Hubeba mimba kama mwezi mmoja zaidi ya farasi. Baadhi ya dawa huisha mwilini mwake haraka, kwa hiyo kipimo na muda wa kurudia hubadilika. Na kubwa kuliko yote, punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo atajigaragaza na kila mtu atamwona. Punda mwenye maumivu yaleyale anaweza kusimama tu kichwa chini, ameacha kula, na mwenye mkokoteni akadhani amechoka. Nimeona punda wakifa hivyo huku mwenyewe akisema jana alikuwa mzima. Mwanafunzi aliyejifunza dalili kwenye kurasa za farasi peke yake atampita punda wa namna hiyo.

Bi Asha: Haya nilikuwa siyajui, Mzee, na nimekaa na punda tangu utotoni.

Baba Zawadi: Na majarida ya mbwa je, Mzee?

Mzee Mifugo: Hali ni hiyohiyo. Uingereza haina kichaa cha mbwa, ndiyo maana jarida la huko linaweza kujaza kurasa kwa manyoya, mafunzo na chakula cha makopo. Kwetu, jambo la kwanza kwa mbwa ni chanjo ya kichaa, akifikisha miezi mitatu na kisha kila mwaka, na mtu aliyeumwa na mbwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku ileile. Neema asome majarida hayo, nayapenda mimi mwenyewe, lakini yawe nyongeza.

Mama Neema: Nimekuelewa vizuri, Mzee. Baba Zawadi, karibu sasa na presha kuka.

Baba Zawadi: Ahsante. Maoni mengi ya mtandaoni yanasema maharage yanaiva kwa dakika kadhaa, kisha mtu wa hapa akipika kwa dakika hizo anakuta bado magumu, anaandika kwamba chombo ni kibovu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Ndiyo maana makande kwenye jiko la mkaa huchukua nusu siku. Presha kuka hufungia mvuke ndani, joto likapanda kupita hapo, na ndipo nafuu inapotoka. Hata hivyo, ongeza dakika chache juu ya zile za aliyeko Dar es Salaam.

Kuhusu umeme, chombo cha wati 1,000 hata kingevuta mfululizo saa nzima kingetumia yuniti moja, na hakivuti mfululizo, kwa sababu kikishafikia presha kinajikata na kuwaka kwa vipindi. La kuangalia ni kama nyumba yako iko kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kama umekaribia kikomo hicho, fuatilia LUKU yako mwezi wa kwanza, kwa maana ukivuka, yuniti zinazozidi hutozwa bei ya juu zaidi.

Bi Asha: Na usalama? Mimi naogopa kile kifuniko.

Baba Zawadi: Bi Asha, usijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharage ishia nusu, kwa sababu huvimba na maganda yake huziba tundu la mvuke. Usifungue mpaka kile kipini kidogo cha presha kishuke chenyewe. Umeme ukikatika katikati, kiache kama kilivyo.

Mama Neema: Basi nimeamua kuanza na presha kuka, kwa sababu mkaa unanimaliza. Neema nitamlipia jarida la afya ya farasi akifunga muhula, toleo la kwenye simu, na Mzee akiridhia atakuja kukusikiliza kuhusu punda akiwa likizo.

Mzee Mifugo: Aje, mwanangu. Na aje na daftari, twende naye mnadani siku ya mnada, akaguse kwato kwa mkono wake.

Baba Zawadi: Mama Neema, ukifika dukani fungua kifuniko ukague ile raba ya ndani kama haina ufa, na uulize kama wanauza raba ya akiba, kwa sababu hiyo ndiyo huchakaa mapema. Wakisema hawanayo, nenda duka la pili.