Riwaya za Kiingereza na ufahamu wa wanafunzi wa kidato cha pili

Mwalimu wa Kiingereza, Newala
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Darasa langu la kidato cha pili husoma riwaya kwa sauti bila kukwama, lakini nikiuliza kisa kinahusu nini, wananyamaza. Wengi huzungumza Kimakonde nyumbani na walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza ni lugha yao ya tatu. Juzi nilifungua kitabu cha binti mmoja mwenye bidii sana nikakuta ukurasa wa kwanza umejaa maana za Kiswahili kwa penseli, wa pili umeandikwa hadi nusu, na kuanzia wa tatu hakuna alama yoyote. Iliniuma. Je, nirudi kwenye vifungu vifupi vya ufahamu?

Mwalimu mstaafu, Masasi
Marahaba, mwalimu. Usiache riwaya, badilisha kitabu. Utafiti wa wataalamu wa msamiati, Hu na Nation, wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba, ili msomaji aielewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua takribani maneno 98 katika kila 100. Kwa kitabu chenye maneno kama 10 kwa mstari, hilo ni neno moja geni katika kila mistari mitano. Penseli ya binti huyo inaonyesha kuwa kitabu kimemzidi. Mtafutie riwaya fupi iliyorahisishwa, wala usione aibu ikionekana ya kitoto. Vifungu vifupi hubadili mada kila mara, ilhali katika riwaya wahusika ni walewale na msamiati hujirudia hadi unazoeleka.

Mwalimu, Lindi mjini
Naunga mkono, ila tatizo jingine ni huko kusoma kwa sauti kwa zamu. Mwangalie mwanafunzi anayesubiri: anahesabu wenzake, anaitafuta aya itakayomwangukia, anafanya mazoezi ya kuitamka, na kisa kinampita. Mimi huwapa dakika 15 za kusoma kimya, kisha wanajadili kwa Kiswahili nani amefanya nini na kwa nini, ndipo waandike sentensi tatu kwa Kiingereza. Kiswahili hapo hakiharibu kitu, kwa sababu mtoto huwa ameshaelewa kabla ya kuhangaika na sarufi.

Mwalimu wa Kiingereza, Newala
Ahsanteni sana. Hiyo ya kuhesabu aya nimeiona kwa macho yangu nikadhani ni utundu. Kabatini nina nakala sita za hadithi nyepesi kwa wanafunzi 48, kwa hiyo Jumatatu nitaanza na kundi moja, na binti yule awe wa kwanza kuchagua.