Michezo darasani: wanafurahi, ila kujisimamia bado

Mwl_Newala: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati darasa la sita. Nimewawekea watoto michezo ya maswali kwenye kishikwambi, wanaipenda mpaka mapumziko hawatoki. Lakini akikosea, anabonyeza jibu lingine, na lingine, hadi ipatikane rangi ya kijani. Zoezi la daftari sasa, nikitoka tu nje, wote wanasubiri waambiwe waanzie wapi. Mchezo gani unamfundisha mtoto kujipangia na kujikagua?

Kete_Mikindani: Mwalimu, hapo kubahatisha hakumgharimu kitu, kwa nini afikiri? Mimi natumia bao, tena namua peke yake, ile hatua ya kwanza ya kutia kete za mkononi: kila upande kete 22 mkononi, 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu la mstari wa mbele. Kabla hajatia kete anaandika: naingia shimo lipi, nakula ngapi, ya mwisho inaangukia wapi. Akishacheza anaandika ilivyokuwa.

Kuna binti aliandika kete yake ya mwisho itaangukia nyumba, ikaangukia kwingine. Nikanyamaza (kazi ngumu kuliko kufundisha!). Akarudia kwa kidole, shimo kwa shimo, akaona alihesabu toka pale alipokulia badala ya kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho pembeni mwa mstari wa mbele. Akajiandikia pembeni: "Anza kichwani." Hakuna aliyemwambia.

Zimmerman, mwanasaikolojia wa Marekani, alisema kujisimamia kuna awamu tatu: kabla ya kazi, wakati wa kazi, na baada yake. Michezo mingi ya simu inamshughulisha mtoto hapo katikati tu. Kabla na baada lazima uviweke wewe mwalimu.

Mama_Nachingwea: Bao si la wazee wa kijiweni? Na darasa lina watoto wangapi, mbao ziko ngapi?

Kete_Mikindani: Dada, mbao za nini? Wanachimba mashimo 32 mchangani, kete ni komwe. Korosho usithubutu, zitaliwa kabla ya kipindi kwisha. Wanakaa wannewanne: wawili wanacheza, wawili wanashika madaftari, kisha wanabadilishana. Wazee wa kijiweni nao waulize, watakutajia kete ya tatu mbele.

Mwl_Newala: Nimekupata, mkuu. Na kishikwambi nikitupe?

Kete_Mikindani: Usitupe. Swali likitokea, kioo kifunikwe kwa daftari. Aandike jibu lake, na pembeni aandike "najua", "nusunusu" au "nabahatisha". Ndipo abonyeze. Ijumaa ahesabu mwenyewe "najua" ngapi zilikuwa za uongo, achague za kurudia. Wewe usimchagulie.